Akiba ya chakula ya miezi mitatu kwa sisi wa nyumba za kupanga: tuelekezane

Mpangaji wa Mbagala (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Uzi huu nimekaa nao kichwani tangu ile wiki ya uchaguzi, mwishoni mwa Oktoba 2025. Siasa yake ina jukwaa lake, tusiilete huku. Mimi nazungumzia tumbo. Dar ilikuwa na amri ya kutotoka nje kuanzia saa kumi na mbili jioni, intaneti imezimwa, maduka mengi ya mtaani yamefungwa. Mtaa mzima ukajulikana nani ananunua unga nusu kilo nusu kilo na nani ana kiroba ndani. Hela kwenye simu ilikuwepo, wa kumpa ndiye hakuwepo.

Na tusidhani dharura ni vurugu tu. Mwaka 2022, baada ya vita vya Ukraine kuanza, mafuta ya kula yalipanda hadi nyumba nyingi zikarudi kwenye mchuzi wa kuchemsha. Aprili 2024 Rufiji maji yaliingia mashambani na majumbani. Ila dharura inayowakuta wengi wetu haitangazwi redioni: mkataba umeisha, mtoto kalazwa, bodaboda imeibwa na mkopo wake bado unadaiwa. Hapo mwenye unga ndani ana muda wa kufikiri. Asiye nao anakopa siku hiyo hiyo, kwa riba yoyote atakayotajiwa.

Nimepekua mitandaoni, karibu kila kitu ni cha Wamarekani: ndoo za chakula kilichokaushwa kiwandani, dhamana miaka 25, bei kwa dola. Hayo tuwaachie. Chakula kinachokaa kwetu tunakijua na kila mwaka kuanzia Juni kinashuka bei. Hoja yangu ni moja tu: nunua wakati wa mavuno, hifadhi vizuri, ULE hicho hicho, kisha jazia msimu unaofuata. Kwa namna hiyo akiba inajilipa yenyewe, kwa sababu mahindi ya Julai na mahindi ya Februari ni yale yale ila bei zake hazifanani hata kidogo.

Kiasi gani? Badala ya kubuni nimechukua kipimo cha mgawo wa kawaida wa WFP, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, kwa mkimbizi mmoja kwa siku: nafaka gramu 400, jamii ya maharage gramu 60, mafuta gramu 25, chumvi gramu 5, na nyongeza ya unga wenye lishe. Jumla inafika kalori kama 2,100. Familia ya watu watano kwa siku 90 ni nafaka kilo 180, maharage kilo 27, mafuta kama lita 12, chumvi kilo mbili na robo. Ule unga wa lishe mimi nimeweka karanga na dagaa mahali pake. Kwa hiyo tunazungumzia gunia mbili za mahindi zisizojaa, debe moja na nusu la maharage na dumu la mafuta. Si mlima. Watoto hawamalizi gramu 400, kwa hiyo kuna ziada ya mgeni.

Kuhusu kununua. Ukichukua gunia la mjini lililofungwa lumbesa, yaani lililojazwa kupita mdomo wake, unaona kama umependelewa, lakini bila mizani hujui umepewa kilo ngapi. Sheria inataka gunia lisizidi kilo 100 na mizani ndiyo iamue. Dai mizani. Halafu usikimbilie mzigo wa Juni wa Nyanda za Juu kwa sababu tu bei imeshuka. Kule Juni na Julai ni baridi na ukungu, mahindi yanaweza kuwa makavu kwa macho na mabichi kwa ndani. Agosti ni salama zaidi.

Nunua mahindi, usinunue unga. Dona ina kiini chenye mafuta, ikikaa wiki kadhaa kwenye joto la Dar inaanza kuchacha, utasikia uchungu kwenye ugali. Sembe inavumilia zaidi, ila ukikoboa umetupa kama robo ya mzigo wako na lishe yake. Nafaka nzima inakaa mwaka na zaidi. Saga kidogo kidogo.

Mfuko: nunua ile ya kuhifadhia bila dawa, PICS au AgroZ ile ya kiwanda cha A to Z cha Arusha. Bei yake ni kama elfu tano, sita, inategemea duka, na ukiutunza unautumia tena msimu unaofuata. Nitaacha wataalamu waeleze unavyofanya kazi.

Naomba michango: mnahifadhije kwenye chumba kimoja? Dagaa mnafanyaje? Na nani ana njia ya maharage yasiyogeuka kokoto?

---

Kijana wa Mabibo

Natia nanga hapa.

Ila mkuu, mimi nalipwa laki tatu na nusu, chumba kimoja, kitanda cha tano kwa sita. Gunia mbili zikiingia mimi nalala wapi? Na nikitoa hela ya gunia mbili kwa mpigo, kodi naipa nani?

---

Mama Chanika

Mdogo wangu wa Mabibo, usianze na gunia mbili. Anza na debe moja.

Sisi akina mama huku tuna mchezo. Unajua mchezo wa vyombo, mchezo wa sukari kabla ya Ramadhani? Wetu ni wa mahindi na maharage. Kuanzia Januari kila mmoja anatoa elfu kumi kwa wiki kwa mweka hazina, haitolewi mpaka Agosti. Ikifika tunatuma mtu mmoja Makambako. Anapanda basi, analala kwa ndugu yake, anazunguka na fimbo ya kuchomea gunia, anakagua, anapima, anapakia kwenye lori linaloshuka Dar. Nauli ya mzigo tunagawana. Mazao yasiyozidi tani moja hayatakiwi kutozwa ushuru, agizo hilo ni la tangu 2017, kwa hiyo akikutana na mtu kizuizini anajua la kumjibu. Mzigo ukifika tunapimiana hapo hapo uani kwangu kwa mizani, debe kwa debe, kila mtu na mfuko wake.

Kuhusu nafasi: kitanda chako inua kwa matofali mawili kila mguu. Weka mbao chini, mifuko ya kilo 50 inalala humo miwili bila shida. Usiweke kwenye sakafu tupu, saruji ya Dar inatoa unyevu. Usiegemeze ukutani. Na mfuko wa kilo 50 ni bora kuliko wa 100 kwa mtu wa chumba kimoja, nitaeleza kwa nini nikipata nafasi, sasa hivi mboga inaungua.

---

Ghala Kavu

Nimefanya kazi kwenye maghala ya nafaka kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, niruhusuni niseme kidogo, kwa sababu naona watu wamezungumzia mfuko wakaruka jambo lililo mbele yake.

Mfuko haukaushi mahindi. Ukifunga mabichi umefuga ukungu. Kikomo cha mahindi ya kuhifadhi ni unyevu wa asilimia 13.5. Mashine ya kupima huna, kwa hiyo fanya hivi: chukua chupa ya kioo kavu kabisa, tia mahindi robo yake, ongeza kijiko cha chumvi uliyoikausha juani au kwenye kikaango. Funga, tikisa kama dakika mbili, acha itulie. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado, yarudi juani, juu ya turubai na si juu ya udongo. Chumvi ikishuka yote chini, bado yaume kwa jino: hindi lipasuke kwa mlio, lisibonyee. Vipimo vyote viwili vikikubali, endelea.

Kwa nini nasisitiza? Sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu. Mwaka 2016 mahindi yenye sumukuvu yaliua watu 20 Dodoma na Manyara, na yalikuwa mahindi ya nyumbani kwao, hayakutoka nje. Sumu hii haionekani, haina ladha, na haiondoki kwa kupika wala kusaga. Punje zenye rangi ya kijani au nyeusi, zilizosinyaa, zilizovunjika, zilizotobolewa, zichambue kwa mkono na UZITUPE. Usiwape kuku, sumu inawadhuru na wao. Karanga ni hivyo hivyo, na nunua zenye maganda.

Sasa mfuko. PICS ni tabaka tatu: mifuko miwili ya nailoni ngumu ndani, kiroba cha kawaida nje. Wadudu utakaowafungia humo wanatumia hewa iliyobaki, ikiisha wanaacha kula, hawazaani, wanakufa. Hakuna dawa. Kazi yako ni kuwanyima hewa. Kagua kila mfuko wa ndani kwa kuupuliza na kuuminya, usikie kama unavuja. Jaza, tikisa, kandamiza hewa itoke, sokota shingo ya mfuko wa kwanza, ikunje, funga kwa kamba ya mpira. Wa pili vivyo hivyo. Kisha kiroba. Usifungue hovyo kila ukipita kuchungulia, maana ukifungua umewapa wadudu pumzi.

Ndiyo maana Mama Chanika anasema kilo 50. Fungua mmoja, ule uishe ndani ya wiki chache, mingine haijaguswa.

Kwa watu wa pwani kuna faida nyingine. Hewa ya Dar na Tanga ina unyevu mwingi, mahindi makavu yaliyo kwenye kiroba cha kawaida yanavuta maji pole pole. Nailoni inazuia hilo.

---

Debe Tupu

Mzee Ghala Kavu shikamoo. Nina debe tatu zipo kwenye kiroba cha kawaida tangu mwezi wa nane. Juzi nimeinua nikakuta chini sakafuni kuna unga mweupe kama mtu kamwaga sembe. Ukiweka sikio kwenye kiroba unasikia wanatafuna. Nifanyeje? Jirani ameniambia kuna vidonge, unaweka viwili katikati unafunga.

---

Ghala Kavu

Marahaba.

VIDONGE HAPANA. Hivyo vinatoa gesi inayoua. Kazi yake ni kwenye ghala lililofunikwa maturubai, na mtu aliyefundishwa, mwenye kinyago, na ghala linafungwa siku kadhaa hakuna anayeingia. Ukiweka chini ya kitanda, watakaokufa kwanza ni wanaolala juu yake. Mwambie na jirani.

Huo unga ulioukuta ni kazi ya dumuzi. Vijijini wengine wanamwita Scania. Fukusi wa kawaida anatoboa na kuacha punje, huyu anasaga kabisa. Si mdudu wa kwetu, asili yake ni Amerika ya Kati, akaonekana Tabora kati ya mwisho wa miaka ya sabini na mwanzo wa themanini, akaenea Afrika nzima kutokea huku na kwingine alikoingilia.

Fanya hivi leo: mwaga yote kwenye turubai jua kali, chekecha, vumbi lote na punje zenye matundu zitoe. Choma vumbi, usilimwage uani. Kilichobaki kikiwa kizima na kikavu, kitie kwenye mfuko wa tabaka tatu sasa hivi, hata kama wapo wachache wamejificha. Anza kula huo mzigo. Na kiroba cha zamani kichemshe au kitupe. Kagua pia fremu ya kitanda kama ni ya mbao laini, dumuzi anaishi hata kwenye mbao.

Dawa za unga unaochanganywa na nafaka zipo, kama Actellic Super. Zinafanya kazi, lakini nunua duka lenye usajili na fuata kipimo cha kwenye pakiti, si kiganja. Sokoni kuna feki nyingi. Kwa kiasi cha nyumbani mimi napendelea mfuko.

---

Kasuku wa Wote

Hamjambo ndugu zangu wa Tanzania. Nasoma huu uzi nikiwa Makueni, Kenya.

Huyo Scania wenu huku kwetu anaitwa Osama. Hamjakosea kumwogopa. Lakini kile mzee amesema kuhusu sumukuvu ndicho kimenifanya niandike. Mwaka wa 2004 hapa Makueni, Kitui na wilaya nyingine za jirani watu 317 waliugua, 125 wakafa. Mahindi yalivunwa na kuwekwa ndani ya nyumba yakiwa na maji kwa sababu watu waliogopa wezi, ilikuwa mwaka wa njaa. Yaani ile hofu ya kukosa chakula ndiyo iliharibu chakula. Tangu hapo mamangu hawezi kuingiza gunia ndani kabla hajaliuma mwenyewe.

Pia mkumbuke gunia letu ni kilo 90, mkinunua upande wa mpaka msije mkapiga hesabu vibaya. Kwa kupima matumizi ya nyumbani mimi natumia gorogoro, ni kama kilo mbili. Gorogoro moja ya mahindi kwa siku inatosha watu watano. Nikiona zinatoka mbili najua kuna mtu anakula kwetu na hajaalikwa.

---

Mchambuzi Huru

Mnachofundishana hapa ni ulanguzi mdogo mdogo. Watu wote wa Dar wakinunua magunia Julai, bei itapanda na maskini wa kweli ndiye atakosa. Serikali ina NFRA, wakala wa taifa wa hifadhi ya chakula, yenye maghala Songea, Makambako, Sumbawanga, Shinyanga, Dodoma. Kazi ya akiba ni yao.

---

Mpangaji wa Mbagala

Mchambuzi, hapo nakukatalia. Kulangua ni kununua wakati bidhaa imeadimika ili wengine wakose, au kuficha ili uuze ghali. Julai mahindi yamejaa na mkulima anabembeleza mteja. Mimi nikinunua debe zangu wakati huo nimemsaidia yeye, na Februari bei ikiwa juu mimi siko kwenye foleni, nimekuachia wewe kilo zilizopo. Atakayeumiza watu ni yule anayekimbilia dukani siku ya tangazo na kubeba viroba kumi.

NFRA ipo kwa ajili ya nchi. Ghala la Songea halitanifikia mimi Mbagala siku tatu za kwanza.

---

Mzee wa Kihenge

Mnajadili ulanguzi mimi nacheka. Nyie wengi hamkuwepo 1983. Mwaka ule wa vita dhidi ya wahujumu uchumi, Waziri Mkuu Sokoine akisimamia, ukikutwa na katoni za sabuni na magunia ya sukari ndani, huna maelezo. Watu walimwaga mali usiku mitoni. Na kabla ya hapo dukani kulikuwa hamna kitu, foleni ya duka la kijiji unaweka jiwe likukalie nafasi. Ndiyo miaka tuliyokula unga wa Yanga, mahindi ya njano ya msaada kutoka Marekani. Vijana wa Simba waliugua roho.

Na ukame wa 1974 naukumbuka vizuri zaidi, ndipo ikaja kampeni ya Kilimo cha Kufa na Kupona. Kwetu Shinyanga walioivuka miaka ile kwa nafuu hawakuwa wenye mahindi. Walikuwa wenye ulezi, mtama na michembe. Naona hapa kila mtu mahindi, mahindi. Mahindi ndiyo nafaka inayopendwa na wadudu kuliko zote.

Ulezi punje yake ni ndogo, mdudu hapati pa kuishi. Ukikauka ukawekwa pakavu unakaa miaka. Bibi yangu alikuwa na kilindo cha ulezi ambacho hakifunguliwi kwa ajili ya pombe hata kuwe na harusi ya nani. Uji wake mgonjwa anakunywa, mtoto anakunywa.

Michembe ni viazi vitamu vilivyomenywa, vikakatwa vipande vyembamba, vikaanikwa vibichi kwenye mwamba mpaka vinagongana kama vigae. Matobolwa ni vile vilivyochemshwa kwanza ndipo vikakatwa na kuanikwa. Michembe unachemsha, unaiponda na karanga au unakula na maziwa. Matobolwa mtoto anatafuna njiani kwenda shule, hayahitaji hata moto. Hilo la moto mlifikirie, naona mmejaza maharage na hakuna aliyetaja mkaa. Mboga zake ni nsansa, majani ya kunde yaliyokaushwa, na mlenda mkavu kama wa Wagogo. Konzi moja ya mlenda mkavu inateleza na ugali wa watu sita.

Viazi vikiwa vingi sokoni Dar hakuna anayekuzuia kuanika juu ya bati.

---

Kijana wa Mabibo

Shikamoo mzee. Hapo kwenye foleni ya mawe umeniua 😂

---

Ukhti wa Mwanakwerekwe

Assalaam alaykum. Nyie wa bara mnazungumza ugali tu, sie huku Unguja bila ya wali siku haijakamilika. Mchele wenyewe mwingi unakuja kwa meli, bahari ikichafuka au bandari ikiwa na mambo yake, bei inaruka siku hiyo hiyo.

Mimi naweka mchele kwenye ndoo za mfuniko wa kubana, lita 20. Mama ananambia nitie karafuu kavu na pilipili kali kavu, wadudu hawaji. Kweli au ndio hadithi za wazee?

---

Ghala Kavu

Waalaykum salaam. Karafuu, pilipili, majani ya mwarobaini, vyote vinawachukiza wadudu kidogo, lakini mayai yaliyokwisha ingia na mchele kutoka mashineni hayajali harufu. Kinachokusaidia ni huo mfuniko. Jaza ndoo hadi juu kabisa, hewa ibaki kidogo, na mchele uuanike saa chache kivulini penye upepo kabla ya kuutia, usiwe na joto. Ndoo iwe mpya au iliyokuwa na chakula. Ndoo ya rangi, hata uioshe vipi, hapana.

Kama una nafasi, mpunga unakaa kuliko mchele kwa sababu ganda lake ndilo kinga yake. Ila mjini utaukoboa wapi.

Na aliyeuliza maharage. Shida ni mbili. Ya kwanza ni fukusi wanaotoka nayo shambani ndani ya punje, unafunga mazima, mwezi wa pili yana madirisha. Yaanike juani juu ya nailoni nyeusi, yafunike kwa nailoni angavu, saa za jua kali, joto linaua mayai. Kisha yatie kwenye dumu la lita 20, kavu kabisa, jaza hadi shingoni, gonga gonga yajishindilie, ongeza, funga kwa nguvu. Dumu lililojaa halina hewa ya kulea mdudu. Njia nyingine ya bibi zetu ni mafuta ya kula, kijiko kimoja cha chai kwa kilo, unachanganya kwa mikono mpaka kila punje ing'ae, mayai hayaanguliwi.

Ya pili ni ugumu. Maharage yakikaa sana kwenye joto na unyevu yanagoma kuiva hata uyachemshe kutwa. Hakuna dawa ya kuyarudisha, unayapunguzia makali tu kwa kuyaloweka usiku kucha na magadi kidogo. Kwa hiyo maharage yasizidi mwaka. Zungusha.

---

Mama Chanika

Nimerudi. Mzee wa Kihenge kasema kweli kuhusu moto. Mimi nimepunguza maharage, nusu yake nimeweka choroko na dengu. Choroko haihitaji kulowekwa, inaiva kabla maharage hayajabadilika rangi. Ukiwa na mtungi wa gesi wa kilo 6 na hujui utajazwa lini, hilo ni jambo kubwa. Zaidi ya mtungi, uwe na akiba ya gunia la mkaa, nao uwe pakavu. Kiberiti weka kwenye kopo la mfuniko, nimeona mtu ana vyakula vyote na viberiti vimelowa.

Mafuta: ya alizeti yale ya kukamua mtaani ni matamu lakini hayakai, yakionwa na jua yananuka. Ya kuweka nunua yaliyosafishwa kiwandani, dumu lisilofunguliwa, weka gizani. Sukari na chumvi hazina mwisho zikiwa kavu.

Na maji jamani. Oktoba 2022 Ruvu iliposhuka na mgao wa maji ukaanza Dar, mlisahau? Bila maji hata huo mlenda huupiki.

---

Mpangaji wa Mbagala

Maji tufungulie uzi wake, ni habari ndefu. Humu niseme tu lita tatu za kunywa kwa mtu kwa siku, na za kupikia juu yake.

Dagaa bado sijajibiwa.

---

Mbeba Boksi

Wakuu niko Ujerumani. Msione aibu kuonekana mmechanganyikiwa. Huku idara ya serikali ya ulinzi wa raia inawashauri wananchi wawe na chakula na maji ya siku kumi ndani. Sweden wametuma kijitabu cha maandalizi kila nyumba, 2018 na tena 2024. Machi 2025 Umoja wa Ulaya ukawaambia watu wawe na mahitaji ya saa 72. Wenzangu kazini walishtuka, mimi nikamkumbuka bibi na kihenge chake.

---

Mtu wa Mwaloni

Dagaa niachieni mimi, nakaa Kirumba, Mwanza, harufu ya dagaa ndiyo manukato yetu.

Dagaa wanaoharibika haraka ni wale walioanikwa mchangani. Ukinunua chukua kiganja, sugua, puliza. Ukiona mchanga kiganjani, waache. Wa kuweka akiba ni walioanikwa kwenye vichanja au nyavu, rangi yao ya fedha bado inang'aa, hawajawa njano. Njano ni mafuta yameanza kuchacha. Vunja mmoja katikati: mkavu anakatika, mbichi anapinda. Na nunua msimu wa jua, dagaa waliopigwa na mvua siku ya kwanza hata ukiwakausha baadaye hawana maisha.

Ukifika nyumbani toa vichwa, vina uchungu na ndivyo vinavyoanza kuoza. Waanike tena siku moja. Wakaange bila mafuta, moto mdogo, kwenye sufuria kavu huku unageuza, mpaka wanalia kama majani makavu. Waache wapoe KABISA, ukiwafunika na joto wanatoa jasho na umekwisha. Kisha kwenye makopo madogo ya kubana, si ndoo kubwa, ili ukifungua uwale waishe. Kila mwezi toa uwape jua.

Hata hivyo dagaa si wa mwaka mzima. Miezi mitatu, minne wako vizuri, wa Kigoma nao ni hivyo hivyo, baadaye harufu inabadilika. Ukiona muda huo unakaribia wasage unga uwe unachanganya kwenye uji wa watoto, nao uwe unausaga kidogo kidogo.

---

Debe Tupu

Mrejesho: nimechekecha debe tatu, zimebaki mbili na kidogo. Vumbi nimechoma, jirani amekasirika kwa moshi. Mifuko nimepata miwili Buguruni. Mke wangu ameuliza kama sasa naruhusiwa kula mahindi yangu au bado yako kwenye matibabu.

---

Ghala Kavu

Kula. Anza na hayo kabla ya mengine, ila yachambue tena kabla ya kusaga.

---

Kijana wa Mabibo

Mama Chanika, huo mchezo wa Makambako nafasi ipo? Niko tayari kuanzia elfu tano kwa wiki.

---

Mama Chanika

Kwetu tumejaa, tuko ishirini na mizani ni moja. Watafute wenzako tisa hapo Mabibo mnaoaminiana, mweka hazina asiwe mtu wa kubeti, na aliyetumwa kununua asiwe ndiye anayeshika hela. Mkifika Julai mnitumie ujumbe ndani, nitawapa namba ya yule mama anayetupokea kule, awaoneshe wakulima wanaokausha kwenye turubai.